Mti Ulioswagwa na Maji: neno driftwood linapotafuta Kiswahili chake

Mto Sabaki ukijaa wakati wa masika, bahari ya Malindi hugeuka rangi. Samawati hupotea, maji huwa ya udongo mpaka mbali, na baada ya siku mbili tatu mchanga ulio karibu na mlango wa mto hufunikwa na miti: mashina mazima na mizizi yake, matawi yaliyochunika magome, vigingi vya ua wa shamba la mtu fulani huko juu, na vipande vidogo vilivyosuguliwa mpaka vikawa laini kama sabuni iliyokwisha nusu. Mto huo huitwa Galana ukiwa bado bara, na Athi karibu na chanzo chake. Kwa hiyo shina unalolikuta ufuoni huenda liliangukia majini mamia ya kilomita kutoka hapo, mahali pasipojua harufu ya chumvi.

Nilishuka pale kwa sababu ya neno moja, driftwood, ambalo Waingereza huiita miti kama hiyo. Nilikuwa nimepewa hadithi fupi ya watoto niitafsiri kutoka Kiingereza, hadithi ya msichana wa Iceland anayekwenda ufuoni na babu yake kuokota driftwood ya kujengea zizi la kondoo. Sentensi ya kwanza tu ilinigandisha. Niliandika "mbao zinazoelea", nikafuta. Nikaandika "vipande vya miti baharini", nikafuta tena. Malindi kwenyewe kuna klabu ya ufukweni yenye jina hilo hilo, Driftwood. Mwambie dereva wa bodaboda akupeleke huko, hataulizia njia. Kwake hilo ni jina la mahali, kama Watamu au Mambrui. Ukimwonyesha miti iliyolala mlangoni mwa Sabaki, atakwambia: hayo ni magogo, yameletwa na mto.

Nadhani jibu lake ni zuri kuliko la kamusi nyingi, na makala hii ni jaribio la kueleza kwa nini.

Tuanze na kosa la "mbao zinazoelea", maana ndilo linalorudiwa sana. Ubao ni mti uliopasuliwa kwa msumeno. Fundi amekwisha kuushika. Sehemu kubwa ya driftwood haijawahi kumwona fundi: ni miti iliyong'olewa na mafuriko, iliyoporomoka na kingo za mito, au iliyoangushwa na upepo. Halafu hilo la kuelea. Mti ukiwa bado unaelea, Mwingereza anaweza kuuita driftwood, ni kweli, lakini mara nyingi anapolitamka neno hilo macho yake yako ufuoni, juu ya kitu kikavu, kilichopauka kwa jua, ambacho kuelea kwake kumekwisha. Tafsiri ya "mbao zinazoelea" imekosea kwenye jina na ikakosea kwenye kitenzi.

Neno lenyewe limeundwa na sehemu mbili. Ya pili, wood, ni mti kwa maana ya kitu kinachotokana na mti, si mti uliosimama ardhini. Ya kwanza ndiyo yenye utamu. Drift inatokana na shina moja na kitenzi chao cha kuendesha, na katika Kiingereza cha zamani ilitumika pia kwa kitendo cha kuendesha mifugo mbele yako, hata kundi lenyewe linaloendeshwa. Sisi tuna kitenzi chetu kwa kazi hiyo: kuswaga. Mchungaji huswaga ng'ombe. Ng'ombe wanatembea kwa miguu yao, lakini njia si yao. Driftwood, ukiifungua mpaka ndani, ni mti ulioswagwa na maji. Waiceland nao wamepita njia hiyo hiyo: mti huo wanauita rekaviður, na nusu ya kwanza ya neno inatoka kwenye kitenzi reka, kusukuma mbele, kuswaga.

Kwa hiyo lugha zile zilikuwa na kitenzi kwanza, kikaganda kikawa jina. Kiswahili hakikuganda. Kimekaa na vitenzi vyake, na kila kimoja kinasema jambo tofauti juu ya mti ule ule. Mti *umeletwa* na bahari. Mti *umetupwa* na bahari. Mti *umekokotwa* na mkondo. Mti *umepwelewa*, yaani maji yamekupwa na kuuacha juu, kama chombo kilichochelewa kutoka bandarini. Anayesema umeletwa amepokea kitu. Anayesema umetupwa ameona taka. Jina moja la Kiingereza humruhusu mwandishi asichague kati ya hayo mawili. Kiswahili kinamlazimisha achague, na huo ndio ugumu wa kulitafsiri, wala si ufukara wa msamiati.

Pale Sabaki nilimkuta mzee mmoja akishona wavu kivulini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwuliza mti kama ule uliokuwa mbele yetu wao wanauitaje.

"Mti ni mti, mwanangu," akasema. "Wewe uliza umetoka wapi."

Akaacha wavu, tukaenda kuutazama. Ulikuwa shina la urefu wa watu wawili hivi, mizizi yake ingali imekumbatia jiwe. Akaniambia nitazame gome. Lilikuwa limebaki upande mmoja, na ndani ya mpasuko wake mlikuwa na tope jekundu ambalo halijaoshwa. Huo, akasema, haujakaa maji ya chumvi siku nyingi. Ni wa mto, wa mvua hizi hizi. Kisha akanionyesha mwingine, mfupi, mweusi, hauna gome hata kidogo, umejaa matundu ya mviringo yanayoweza kuingia kidole cha mtoto. Upande wa chini ulikuwa na viganda vyeupe vya wale viumbe wadogo wanaoganda kwenye vyombo na nguzo za gati. Huu ni wa bahari, akasema, umezunguka.

Yale matundu hutobolewa na kiumbe mwenye umbo la mnyoo ambaye kwa nasaba ni ndugu wa chaza. Maganda yake mawili yamebaki madogo kichwani, na anayatumia kama keekee, akila mti na kujenga nyumba kwa wakati mmoja. Mabaharia wetu wanamjua kwa hasara zake. Ndiyo maana jahazi hupandishwa pwani, likapigwa moto chini na kupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Katika bahari za joto kama yetu gogo lisilopakwa chochote huliwa haraka, likalegea, likanywa maji, likazama. Miti mingi inayoingia baharini haifiki ufuo wowote. Huenda chini kulisha viumbe wa kilindini ambao maisha yao yote ni kusubiri mti uanguke kutoka juu.

Hapa ndipo Iceland ya hadithi yangu inapoanza kueleweka. Kule kaskazini maji ni ya baridi mno kwa mtoboaji huyo, na mti huweza kwenda safari ambayo kwetu haiwezekani.

Miti inayofika Iceland haitoki Iceland. Kisiwa hicho, tangu watu wa Norwe walipohamia katika karne ya 9, kilikuwa na misitu ya miti midogo ambayo ilikatwa na kulishwa kondoo mpaka ikabaki michache. Miti mirefu ya kupaulia nyumba haikuwapo. Lakini upande wa pili wa Bahari ya Aktiki, huko Siberia, kuna mito mikubwa inayotiririka kwenda kaskazini, Ob, Yenisei na Lena, nayo hupita katikati ya misitu isiyo na mwisho ya misonobari na jamii zake. Barafu ya mto ikipasuka na maji kujaa, kingo huporomoka na miti huingia majini. Katika karne ya 20 iliongezeka ya kukatwa: Urusi ilisafirisha magogo kwa kuyaelekeza mtoni, na yaliyoponyoka yakaenda zake baharini na alama ya msumeno kwenye ncha.

Swali gumu ni lile la kuelea. Miti hiyo haiwezi kuelea zaidi ya mwaka mmoja na nusu hivi, mingine hata mwaka haufikishi, kabla ya kunywa maji na kuzama. Na safari kutoka Siberia mpaka Greenland au Iceland ni ya miaka kadhaa. Inafikaje? Inafika kwa sababu haielei. Inaganda ndani ya barafu ya bahari, na barafu hiyo ndiyo inayosafiri, ikisukumwa na upepo na mkondo kupita karibu na ncha ya dunia mpaka kwenye mlango wa bahari ulio kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard. Huko barafu huyeyuka na kuuachia mti, nao hubebwa na mkondo mpaka ufuoni. Mti umepanda chombo, na chombo hicho ni cha maji yaliyoganda.

Nilipoelewa hilo nililiona tatizo la tafsiri yangu kwa ukubwa wake. Hata kitenzi "kuelea", ambacho nilidhani angalau hicho ni salama, hakikuwa salama.

Na jambo hilo limekuwa na kazi kubwa zaidi ya zizi la kondoo. Mwaka 1881 meli ya Kimarekani iitwayo Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini mwa Siberia. Mwaka 1884 mabaki yake yakaonekana kusini-magharibi mwa Greenland. Mnorwe Fridtjof Nansen aliyaunganisha mabaki hayo na miti ya Siberia iliyokuwa ikifika Greenland miaka yote, akasema kama mti unaweza kuvuka, meli nayo inaweza, mradi iwe imeundwa ili barafu iinyanyue badala ya kuiponda. Akaundiwa meli ya Fram, akaondoka mwaka 1893, akaiacha igande kwa makusudi. Fram ilivuka Aktiki pamoja na barafu na kurudi salama mwaka 1896. Gogo lililolala ufuoni lilikuwa limeshamwonyesha njia.

Siku hizi wanasayansi husoma magogo ya zamani zaidi, yale yaliyolala kwenye fukwe za kaskazini mwa Greenland kwa maelfu ya miaka. Wanapima umri wake kwa kaboni na kutambua aina ya mti. Mantiki yao ni ile ile: ili gogo lifike, lazima barafu ya kulibeba iwe imedumu miaka kadhaa bila kuyeyuka, na ili liweze kutua, lazima ufuo wenyewe uwe wazi. Vipindi vyenye magogo na vipindi visivyo na magogo vinasimulia hali ya barafu wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuandika. Na barafu inavyozidi kupungua leo, chombo cha kuibebea miti kinapungua pia. Watoto wa Iceland wa kesho huenda wakalisoma neno rekaviður kama sisi tunavyosoma majina ya vyombo vya baharini ambavyo havisafiri tena.

Kwa Waiceland wa kale mti huo haukuwa wa aliyeuona kwanza. Ulikuwa mali, tena mali ya kugombaniwa mahakamani. Haki ya kuokota kinachotua kwenye kipande fulani cha ufuo ilikuwa ya mwenye ardhi, na haki hiyo iliweza kuuzwa, kurithishwa au kutolewa kwa kanisa. Sheria zao za enzi za kati zilieleza namna mwenye ufuo anavyoweka alama yake kwenye gogo, ili hata bahari ikilichukua tena na kulitupa kwa jirani, lijulikane ni la nani. Ardhi ya mawe isiyolisha hata mbuzi kumi iliweza kuwa na thamani kwa sababu ya kile ambacho mkondo unakiacha mbele yake. Katika simulizi zao za uumbaji, miungu inatembea kando ya bahari, inakuta miti miwili, na kutoka kwa miti hiyo inaumba mwanamume na mwanamke wa kwanza, Ask na Embla. Watu wengine wameumbwa kwa udongo. Wale wameumbwa kwa kilichookotwa pwani, na ukishajua walivyoishi huwezi kushangaa.

Greenland ni zaidi. Wainuit wa mashariki mwa kisiwa hicho hawakuwa na mti wa maana kabisa isipokuwa ule ulioletwa. Mifupa ya kayaki, mipini ya mikuki, mbao za sileji, vyote vilitokana na ufuo. Mmoja wao, mtu aitwaye Kunit, alichonga ramani kwa mti, na msafiri wa Kidenmark Gustav Holm akazipata kati ya 1884 na 1885. Moja inaonyesha mwambao: kila ghuba ni mkato, kila rasi ni nundu, na mstari unapanda upande mmoja wa kijiti na kushuka upande wa pili. Nyingine ni ya visiwa, imechongwa kama ushanga wa vipande vilivyoshikana. Ramani hizo unaweza kuzisoma kwa vidole, gizani. Nimezitazama kwenye picha mara nyingi. Bahari imeleta mti kutoka bara lingine, na mtu ameuchonga mwambao ulioupokea.

Sasa turudi kwenye neno, maana kuna mambo matatu yanayochanganywa nalo, na mfasiri asipoyatenga atampoteza msomaji.

La kwanza ni mabaki ya vyombo. Mwezi Januari 2008 meli Ice Prince ilizama kusini mwa Uingereza ikiwa na shehena ya mbao, na ufuo wa Worthing ukafunikwa na mbao hizo mpya, maelfu kwa maelfu, zimelala kama mkeka. Watu walitaka kuchukua. Lakini hizo hazikuwa driftwood machoni mwa sheria. Zilikuwa mali iliyotoka melini, zenye mwenyewe, na anayeziokota anapaswa kutoa taarifa kwa ofisa anayehusika na mabaki ya meli. Sheria za meli za Kenya ya 2009 na Tanzania ya 2003 nazo zina sehemu yake juu ya mabaki. Ndani ya mabaki hayo Waingereza wanatofautisha vitu vilivyoelea vyenyewe baada ya ajali na vile vilivyotupwa na mabaharia ili kupunguza uzito. Hili la pili tunalo neno lake zuri sana, kutosa. Nahodha hutosa shehena ili aokoe chombo. Gogo la Sabaki halikutoswa na mtu yeyote.

La pili ni mbao za majahazi makuukuu. Lamu na Unguja mafundi hutengeneza meza, vioo na viti kutokana na vyombo vilivyostaafu, na wauzaji wengine huviita kwa Kiingereza driftwood kwa kuwa mnunuzi mgeni analipenda neno. Mbao hizo ni nzuri, zina matobo ya misumari na rangi za zamani, lakini hazikuswagwa na maji. Zilivunjwa na fundi kwa patasi. Kuziita mti wa bahari ni kumnyima sifa fundi aliyeziunda na yule aliyezivunja.

La tatu ni la biashara ya samaki wa mapambo. Wanaofuga samaki kwenye matangi ya kioo huuziwa vipande vya mti vyenye umbo la kupendeza kwa jina la driftwood. Mojawapo ya vinavyopendwa ni mti wa mopane kutoka kusini mwa Afrika, mti wa nchi kavu hasa, wa joto na vumbi, ambao wala hauelei bali huzama. Hapo neno limeacha maana yake na kubaki kuwa jina la sura: kitu kilichopinda, kikavu, kinachopendeza. Ukikutana nalo kwenye maelezo ya tangi la samaki, andika "kipande cha mti wa mapambo" na uendelee na kazi.

Kuna pia swali kama ni lazima iwe bahari. Si lazima. Mito na maziwa yana miti yake iliyoswagwa. Katika ziwa Crater, huko Oregon Marekani, kuna gogo moja ambalo limeonekana likielea tangu 1896, wima, kama mtu aliyesimama ndani ya maji hadi shingoni. Urefu wake ni mita 9 hivi na juu ya maji linatokeza zaidi kidogo ya mita moja. Wanaliita Mzee wa Ziwa. Mwaka 1938 walilifuatilia kuanzia Julai mpaka Oktoba kila lilipokwenda, wakakuta limezunguka takriban kilomita 100 ndani ya ziwa lile lile. Gogo hilo halijawahi kupwelewa, na Waingereza hulihesabu hata hivyo. Kwa hiyo kupwelewa nacho si sharti la neno.

Kwetu mti baharini huweza kuwa zawadi, na wavuvi wanalijua hilo. Gogo likiwa bado linaelea nje ya miamba ni bahati. Chini yake hukaa samaki wadogo, wadogo huwavuta faulusi na jodari, na mvuvi akiliona huenda akashinda hapo hapo. Hakuna uchawi. Katika maji yasiyo na kitu cha kujisitiri, hata kivuli cha shina moja ni mtaa. Meli kubwa za nyavu zilipoanza kuvua jodari magharibi mwa Bahari ya Hindi katika miaka ya 1980 zilitafuta magogo ya namna hiyo, halafu zikaona ni rahisi kutengeneza ya kwao: machelezo yenye kamba ndefu chini na kifaa cha setilaiti juu, yanaachwa maelfu baharini yaende na mkondo. Jodari wadogo wanavuliwa kabla hawajazaa, na machelezo yaliyopotea yanakuja kunasa kwenye matumbawe yetu. Februari 2023 wanachama wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi walikutana Mombasa, wakapiga kura kuyawekea mipaka. Umoja wa Ulaya na nchi nyingine kadhaa zikaweka pingamizi. Ni jambo linaloniuma, kwa sababu mzee wa Sabaki anangoja gogo ambalo Mungu amelileta, na wenye meli kubwa wameyasambaza ya bandia katika bahari hiyo hiyo anayoitegemea.

Mkondo unaoyaleta ndio unaoleta mengine. Kusini mwa ikweta maji ya bahari hii huelekea magharibi, kisha yakifika kwetu hupinda kaskazini kufuata mwambao. Desemba 2004 kobe mkubwa wa Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, alitoka majini Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, akiwa mzima, miguu yake imeganda viumbe wale wale wenye maganda meupe niliowaona kwenye gogo. Aldabra ni kilomita 740 hivi kutoka hapo. Juni 2016 kipande cha bawa la ndege ya Malaysia iliyopotea 2014 kiliokotwa Pemba. Wanaochunguza jinsi wanyama walivyofika Madagaska wanaamini mababu wa lemuri walivuka juu ya chelezo la miti iliyofungamana, zamani sana, wakati mikondo ilipokuwa na mwelekeo mwingine. Kila mara swali ni lile la mzee: umetoka wapi?

Neno hili lina maisha mengine, ya sitiari, na hapo ndipo tafsiri ya moja kwa moja inaharibu kabisa. Kwa Kiingereza mtu anaweza kuitwa driftwood: hana kwao, hana mwelekeo, maisha yanamchukua tu. Mfasiri mvivu ataandika "alikuwa gogo baharini". Lakini gogo kwa Kiswahili ni nini? Ni kitu kizito, kisichosikia, kisichoondoka. Mtu aliyelala kama gogo hashtuki. Na kigogo ni mkubwa wa chama au serikali, asiyesukumwa na yeyote. Ukimwita mtu asiye na kwao gogo, msomaji wa Kiswahili ataona kinyume cha unachotaka aone.

Kwa wepesi wa kuchukuliwa tuna taswira zetu. Mtu anakwenda arijojo, kama tiara iliyokatika uzi. Mambo yanakwenda mrama, kama chombo kinachoyumba kwa mawimbi. Mtu ni kumbi la nazi juu ya maji. Na kama mwandishi anamaanisha yule ambaye maisha yamekwisha kumtumia na kumwacha, basi kupwelewa kunatosha, na kunauma zaidi: maji yamekwenda na wenzake, yeye amebaki juu.

Ila nina ombi moja kwa wanaoandika habari za watu wanaovuka bahari kutafuta maisha. Sitiari ya driftwood hutumika sana juu yao katika lugha za Ulaya, nayo ikiingia kwetu huja kama "waliotupwa na bahari ufuoni". Tuwe waangalifu. Mtu aliyeuza shamba, akaaga mama yake, akapanda boti usiku, hakuswagwa na maji. Alichagua, kwa uchungu. Mti hauna hiari, na tofauti hiyo kitenzi cha Kiswahili kinaweza kuitunza tukikiachia kazi yake: *wamefika*, *wameokoka*, *wamekufa maji*.

Jambo la mwisho, la jikoni. Kuni za bahari zinawaka vizuri zikikauka, na miali yake ina rangi kwa sababu ya chumvi zilizomo. Lakini chumvi hiyo hiyo ina klorini, na moshi wake hubeba sumu za jamii ya daioksini. Hazifai kuchomea samaki wala kupikia ndani ya nyumba isiyo na njia ya moshi. Wanaokusanya miti ya Sabaki hutanguliza ile yenye tope na gome, ile ambayo haijakaa chumvini, na wako sahihi.

Hadithi yangu niliimaliza hivi. Mwanzoni, babu na mjukuu wanaposhuka ufuoni asubuhi, niliacha jina kabisa: "wakashuka kutazama bahari imewaletea miti gani." Katikati, babu anapomweleza mtoto safari ya mti kutoka Siberia, niliandika "mti ulioswagwa na barafu", mara moja tu. Na mwishoni, msichana anapokuta kipande kidogo ambacho hakifai kujengea chochote, babu anamwambia akiache, yeye anakitia mfukoni. Mhariri alinipigia simu kuuliza kwa nini sehemu hiyo nimeandika "kilichopwelewa" na si "kilicholetwa" kama pale juu. Nikamwomba asome tena ukurasa huo kwa sauti. Akasoma, akanyamaza kidogo, akasema tukiache.